TIMU YA DARAJA LA CHINI: INAPANDAJE, NA NI YA NANI?



Mpira wa miguu tunaujua sote. Redio ikitangaza Simba na Yanga, hata anayepalilia husimamisha jembe akasikiliza. Lakini chini ya ligi ile kubwa iko ligi nyingine, ndogo yake. Wachezaji wake nao wanalipwa. Huko ndiko timu za mikoani zinakopigania kupanda, na huko ndiko nyingine zinakofia.

Vijana wa Mikumi wanauliza hivi: "Timu yetu ya hapa stendi ikishinda tu, si itafika ligi kuu?" Wazee wa Kilosa wao wanauliza: "Zile Reli na Tumbaku zetu za Morogoro, zilikwenda wapi?" Maswali haya tumeyaweka pamoja kwa sababu jibu la moja limo ndani ya jingine.

MAJINA YANAYOCHANGANYA

Kwanza tuelewane juu ya majina, maana hapa watu wengi hubishana bure.

Zamani, katika miaka ya 1970 na 1980, mtu akisema "Ligi Daraja la Kwanza" alikuwa na maana ya ligi ya juu kabisa nchini. Baadaye ligi ya juu ikaitwa Ligi Kuu. Daraja la Kwanza likawa jina la ligi iliyo chini yake, yaani ya pili. Kisha mwaka 2021 majina yakabadilishwa tena. Ligi ile ya pili ikaitwa Championship. Ligi ya tatu, iliyokuwa Daraja la Pili, ikaitwa First League.

Sasa angalia mkanganyiko huu. First League kwa Kiingereza maana yake ni ligi ya kwanza. Kumbe ni ya tatu! Sisi tunaona jina hili halimsaidii mtu wa kijijini hata kidogo. Babu akisema timu yake ilicheza daraja la kwanza, na mjukuu akisema ya kwake iko First League, wanazungumza mambo mawili mbalimbali.

Basi ngazi ya timu ya Kilosa iko hivi. Inaanza na ligi ya wilaya. Bingwa wa wilaya anakwenda ligi ya mkoa, kule Morogoro. Bingwa wa mkoa anakutana na mabingwa wa mikoa mingine. Wanaofanya vizuri pale wanaingia First League. Kutoka hapo wanapanda Championship, na kutoka Championship wanapanda Ligi Kuu. Wilaya, mkoa, mabingwa wa mikoa, First League, Championship, Ligi Kuu. Hesabu mwenyewe: ni ngazi sita.

Katika Championship, timu mbili za juu hupanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne hushindana, na mshindi wao hupewa nafasi ya kupambana na timu iliyokaribia kushuka kutoka Ligi Kuu. Za mwisho hushuka. Mwaka 2025 waliopanda moja kwa moja walikuwa Mtibwa Sugar, majirani zetu wa Turiani, na Mbeya City.

TUFANYE HESABU

Vijana wa stendi wanasema "tukishinda tu." Kushinda ni lazima, hatubishi. Lakini chukua kalamu na daftari tufanye hesabu pamoja.

Championship ya msimu wa 2024/25 ilianza na timu 16. Kila timu hucheza na wenzake 15 mara mbili, nyumbani na ugenini. Kwa hiyo ni mechi 30, na katika hizo 15 ni za ugenini. Ugenini si Kimamba wala Dumila. Ugenini ni Shinyanga, ni Mara, ni Geita.

Tuseme msafara una watu 25, pamoja na mwalimu wa timu na mtu wa huduma ya kwanza. Tuseme nauli ya mtu mmoja, kwenda na kurudi, ni shilingi 80,000. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka bei unazozijua.

Nauli: 25 mara 80,000 ni shilingi 2,000,000 kwa safari moja.

Chakula na malazi: tuseme shilingi 15,000 kwa mtu kwa siku, siku tatu. 25 mara 15,000 mara 3 ni shilingi 1,125,000.

Jumla ya safari moja ni shilingi 3,125,000. Zidisha kwa safari 15. Utapata shilingi 46,875,000.

Hapo hujamlipa mchezaji hata mmoja. Hujanunua viatu, mipira wala jezi. Hujamtibu aliyevunjika mguu. Kama gunia la mahindi ni shilingi 70,000, safari peke yake zimekula karibu magunia 670. Kijiji gani kitatoa magunia 670 kila mwaka ili vijana 25 wapande basi?

Kwa hiyo timu inapanda kwa magoli, lakini inakaa kule juu kwa fedha za mtu fulani. Ukitaka kujua historia ya ligi ya chini, usiulize tu nani alifunga. Uliza nani alilipa.

MOROGORO YETU

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1965. Bingwa wa kwanza alikuwa Sunderland ya Dar es Salaam, ile iliyokuja kuitwa Simba mwaka 1971. Miaka kumi ya mwanzo ubingwa haukutoka Dar es Salaam. Ulizunguka kati ya Sunderland, Cosmopolitan na Yanga. Halafu mwaka 1975 ikatokea Mseto ya Morogoro, ikauchukua. Timu ya mkoa wetu ndiyo ya kwanza kuutoa ubingwa nje ya Dar es Salaam. Wazee wanaoikumbuka Mseto wana haki ya kutamba.

Baada yake walikuwapo Tumbaku, na Reli iliyopewa jina la "Kiboko ya Vigogo." Vigogo ni Simba na Yanga, na kiboko chao kilikuwa Morogoro.

Ni nani aliyelipa? Tazama majina yenyewe. Tumbaku ilikuwa ya kiwanda cha tumbaku. Reli ilikuwa ya shirika la reli, hili hili ambalo njia yake inapita Kilosa na tawi lake linashuka Mikumi hadi Kidatu. Siku zile mpira wetu uliitwa wa ridhaa. Maana yake mchezaji halipwi kwa kucheza. Lakini shirika lilimwajiri kama fundi, karani au dereva. Mwisho wa mwezi alipata mshahara wake wa kazi, na jioni alikwenda mazoezini. Timu ikisafiri, shirika ndilo linasafirisha. Kusema kweli ilikuwa njia nzuri. Mchezaji akizeeka alibaki na kazi yake.

Tatizo lilikuwa moja. Timu ilikuwa kama mmea unaotambaa juu ya mti. Katika miaka ya 1990 serikali ilianza kuuza na kupunguza mashirika yake. Shirika likiyumba, kitu cha kwanza kukatwa ni mpira. Mti ulipoanguka, mmea nao ukaanguka. Tumbaku na Reli zikapotea katika ligi ya juu. Hazikukosa vijana wa kucheza. Mlipaji ndiye aliyeondoka.

Mtibwa Sugar yenyewe ni mtoto wa kiwanda. Wafanyakazi wa kiwanda cha sukari waliianzisha mwaka 1988. Ikawa bingwa wa nchi mwaka 1999, ikarudia mwaka 2000. Ikakaa Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 bila kushuka, hadi mwaka 2024 ilipoteremka. Msimu mmoja tu ikacheza Championship, ikawa bingwa, ikarudi. Iliwezaje kurudi haraka hivyo? Wachezaji hodari, ndiyo. Lakini pia kiwanda kipo, miwa ipo, na uwanja wa Manungu upo pale pale.

Linganisha na Tukuyu Stars ya Mbeya. Hii iliingia ligi ya juu ikiwa mgeni, na mwaka 1986 ikachukua ubingwa. Nchi nzima ilishangaa. Mwaka uliofuata ikashuka.

WAPIGA DEBE WA SHINYANGA

Sasa tuje kwa vijana wa stendi ya Mikumi, maana wana ndugu zao mbali huko.

Shinyanga mjini iko timu inaitwa Stand United. Jina hilo limetoka stendi ya mabasi. Walioianzisha walikuwa watu wa stendi, wapiga debe na wenzao. Walicheza, wakapanda ngazi kwa ngazi, na mwaka 2014 wakaingia Ligi Kuu. Kwa hiyo yule kijana wa Mikumi anayeuliza kama inawezekana, tunamjibu: imekwisha kuwezekana.

Lakini sikiliza yaliyofuata. Mwaka 2015 kampuni ya madini ya Acacia ilikuja kuidhamini timu. Fedha zilikuwa nyingi kwa timu ya namna ile. Na fedha zilipoingia, swali likazuka: timu hii ni ya nani? Kundi moja likasema timu sasa ni kampuni. Kundi jingine likasema hapana, timu ni ya wanachama walioianzisha pale stendi. Wakagawanyika. Mwaka 2016 mgogoro ukawa mkubwa, na mdhamini akaondoka. Stand ikaendelea kucheza kwa shida, na mwaka 2019 ikashuka daraja. Mwaka 2025 ilikaribia kurudi, lakini ilishindwa katika mechi za mwisho za kuwania nafasi.

Ugomvi ule haukuanza siku fedha zilipokuja. Ulikuwapo tangu mwanzo umelala, kwa sababu jambo la mwenye timu halikuwa limemalizwa. Watu wakiwa maskini pamoja hawaulizani nani mwenye mali.

MAJI YA IHEFU

Kisa kingine kinatuhusu kwa njia ya maji. Mto Ruaha Mkuu, unaopita Kidatu, hupata maji yake katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Huko kuna eneo kubwa la majimaji linaitwa Ihefu. Timu ya Mbarali ilichukua jina hilo.

Ihefu ilicheza nyumbani Ubaruku, uwanja wa Highland Estate, nchi ya mashamba ya mpunga. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, ikashuka msimu ule ule. Haikukata tamaa. Mwaka 2022 ikapanda tena kutoka Championship.

Tarehe 29 Novemba 2022 Yanga ilikwenda Ubaruku. Ilikuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kufungwa. Yanga ikatangulia kufunga. Ihefu ikasawazisha, ikaongeza la pili, mpira ukaisha 2 kwa 1. Wakulima wa mpunga wakaona kwa macho yao kitu ambacho miji mikubwa ilikuwa imeshindwa kukifanya. Na mwezi Oktoba 2023 Yanga iliporudi Ubaruku, ilifungwa tena 2 kwa 1.

Miezi michache baadaye Ihefu haikuwapo Mbarali.

Msimu wa 2023/24 haujaisha, timu ilipata wenyewe wapya, ikahamishiwa Singida. Mwaka 2024 ikabadilishwa na jina: Singida Black Stars. Nafasi ile katika Ligi Kuu, waliyoipigania Mbarali kwa kushuka na kupanda, ikaenda nayo.

Na kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka ule wa 2022 Ihefu ilipanda pamoja na timu ya pili, DTB ya Dar es Salaam, iliyokuwa ya benki. Nayo ikahamia Singida, ikaitwa Singida Big Stars. Mwaka 2023 ikaitwa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 ikaondoka Singida, jina likabaki Fountain Gate tu, na msimu uliofuata ikawa inachezea Babati, mkoa wa Manyara. Timu mbili zilipanda mwaka mmoja, na baada ya miaka miwili hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake wala mji wake.

Hatusemi hapa kuna wizi. Mambo haya yalifanyika hadharani, na ligi iliendelea. Watu wa Singida nao walifurahi kupata timu, na ni haki yao. Tunaeleza tu kwamba nafasi katika ligi ni kitu chenye thamani, na kitu chenye thamani hununuliwa.

WANAOCHEZA JUU YA BARAFU

Msifikiri mambo haya ni ya kwetu peke yetu. Marekani na Kanada, nchi za baridi kali, wana mchezo wa magongo juu ya barafu. Wachezaji sita kila upande huvaa viatu vyenye bapa la chuma chini, wakateleza kwa kasi. Hawapigi mpira wa mviringo. Wanapiga kidude bapa cha mpira mgumu, mfano wa kifuniko kinene cha kopo. Hata Nairobi tangu mwaka 2005 uko uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli, na Wakenya wana timu yao.

Huko Marekani na Kanada mchezo huu una ligi yake kuu, na chini yake ligi ndogo za kulipwa. Moja ya hizo ilianza mwaka 1945 na timu nne tu, mbili za Windsor na mbili za Detroit. Miji hii miwili inatazamana ng'ambo ya mto, na ni miji ya viwanda vya magari. Timu zilisafiri kwa muda mfupi tu. Watazamaji walikuwa watu wa pale pale.

Kwao hakuna kupanda wala kushuka. Timu ya ligi ndogo hata ikishinda mechi zote itabaki ligi ndogo. Anayetaka timu hununua nafasi, na akitaka kuihamisha, anaihamisha. Mji mdogo wa Muskegon ulikuwa na timu yake katika ligi ile. Mwaka 1992 wenyewe waliihamishia Cleveland, mji mkubwa, kutafuta watazamaji wengi zaidi. Wakubwa wa ligi nao walifanya vivyo hivyo: wakaiacha miji midogo, wakaingia Los Angeles, Houston na mingine mikubwa, wakawa wanasafiri kwa ndege. Msimu wa 1995/96 ligi ilifika timu 19. Gharama zikapanda kuliko mapato. Mwaka 2001 ligi ikafa, baada ya misimu 56. Timu sita zikapokewa na ligi nyingine ya daraja hilo hilo, na nyingi ya zilizobaki zikavunjika.

Sisi tuna jambo moja ambalo wale hawana: mlango wa kupanda uko wazi kwa timu ya wilaya. Lakini Mbarali wameonyesha kwamba kuhamishwa nako kumefika.

NI YA NANI?

Mwaka 2017 serikali ilitangaza kanuni juu ya klabu zilizoanzishwa na wanachama. Klabu kama hiyo ikitaka kuingiza wawekezaji, wawekezaji wote kwa pamoja wasizidi sehemu 49 katika kila 100. Wanachama wabaki na 51. Hesabu yake ni rahisi: mkipiga kura kwa hisa, 51 inashinda 49, hata kama mwenye 49 ana fedha kuwashinda ninyi nyote.

Lakini kanuni hiyo inamlinda mwanachama. Haimlindi mshangiliaji. Mtu anayeimba kila Jumapili uwanjani, akalia timu ikifungwa, lakini jina lake haliko katika daftari la klabu, huyo kwa sheria ni mtazamaji. Timu iliyoanzishwa na tajiri mmoja au kampuni moja ni mali ya tajiri huyo au kampuni hiyo. Akiamua kuondoka nayo, ataondoka nayo.

Kwa hiyo vijana wa Mikumi, au wa Ruaha, Kidodi, Ulaya, popote mnapotaka kuanzisha timu ya kupanda ngazi zile sita, kazi ya kwanza ni ya kalamu kabla ya miguu. Klabu huandikishwa kwa msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Kwa kawaida safari huanzia kwa afisa anayeshughulikia michezo wilayani, kwetu ni Kilosa. Mnapeleka katiba ya klabu, muhtasari wa mkutano ulioianzisha, na majina ya wanachama na viongozi.

Watu wengi huazima katiba ya klabu nyingine, wakabadilisha jina juu, wakapeleka. Msifanye hivyo kabla hamjaisoma yote kwa sauti mkutanoni. Tafuteni humo mambo haya. Nani anahesabiwa kuwa mwanachama, na analipa nini? Jina la timu na nafasi yake katika ligi ni mali ya nani? Kama kuna uwanja, hati yake iko kwa nani? Mtu akija na fedha akataka kuinunua timu au kuihamisha, ni wanachama wangapi lazima wakubali? Nusu? Theluthi mbili? Au mwenyekiti peke yake anatia sahihi?

Kama swali mojawapo halina jibu katika karatasi ile, liandikeni jibu lenu hapo hapo, mkutano ulipigie kura, katibu aandike idadi ya waliokubali na waliokataa. Nakala moja ikae kwa katibu, nyingine kwa afisa wa wilaya, na ya tatu ibandikwe mahali ambapo mwanachama yeyote anayejua kusoma anaweza kusimama akaisoma.